Farasi wa Dola Milioni 16 na Mpwa Wangu

Jamani, nimeadimika. Siumwi wala sijafukuzwa kazi, nilikuwa nyumbani Suji. Unashuka basi pale Makanya, kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, shati limekuganda mgongoni kwa joto, halafu unaanza kupanda milima, na ukifika juu unatafuta sweta. Mtandao wa simu upo, ila una mahali pake. Kwetu unakaa nyuma ya zizi, chini ya mgomba wa mwisho. Ndiyo maana baadhi yenu mmenipigia wiki nzima mkaambiwa sipatikani.

Chini ya mgomba huo ndipo uliponikuta ujumbe wa binamu yangu kutoka Dubai: "Mwaka huu nimeshapata wangu. Wako yupi?"

Wadau wapya itabidi niwaeleze. Binamu huyu, mtoto wa shangazi, ni mlinzi huko Dubai kwa miaka mingi sasa, na ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa farasi. Alianza kwenda uwanja wa Meydan kwa sababu kiingilio kilikuwa bure na siku yake ya mapumziko hakuwa na pa kwenda. Huko watazamaji hawawekei farasi pesa kama Ulaya. Wanagawiwa karatasi, wanajaza majina ya wanaodhani watashinda, na anayepatia anapewa zawadi. Binamu hajawahi kupatia. Lakini alianza kunisimulia kwenye simu, nami nikiwa dawati la michezo, nimechoka kutafsiri habari za ligi za Ulaya, nikaanza kusoma.

Basi kila mwaka ukiisha tuna mchezo wetu. Kila mmoja anachagua farasi mmoja mwenye umri wa miaka miwili, anayekaribia kutimiza mitatu, halafu tunangoja hadi Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Kentucky Derby kule Marekani. Ile mbio ni ya farasi wa miaka mitatu peke yao, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja tu maishani mwake. Wakati tunachagua, wengine wamekimbia mara mbili, wengine mara moja, wengine hawajakimbia kabisa ila kuna mtu amemwona mmoja mazoezini akanong'ona. Kwa kuwa tumelelewa na bibi Msabato hatuwekeani pesa. Mshindwa anamnunulia bibi kilo mbili za sukari. Bibi anasema hiyo ni kamari ileile, tena mbio zenyewe ni siku ya Sabato, lakini sukari hajawahi kuirudisha.

Aliwahi kutuuliza swali moja zuri: "Na hao farasi wenyewe mmeshawaona?"

Hatujawaona. Na huo ndio utamu wake. Desemba na Januari ndiyo miezi mitamu ya mchezo huu, kuliko hata siku ya mbio, kwa sababu hakuna aliyekosea bado. Wachambuzi wanatoa orodha, wanataja baba yake nani na mama yake alikimbia vipi, na tangu 1999 Wamarekani wana utaratibu wa watu kuweka dau miezi kadhaa kabla ya Derby, wakati farasi mwenyewe hajui kama ataamka na mguu mzima. Vijana wetu wanaojaza mikeka ya mpira wangejisikia nyumbani kabisa. Sisemi wale farasi wa kompyuta walioko kwenye maduka ya kubeti hapo Same mjini. Wale hawakuwahi kuwa watoto, wanazaliwa dakika tatu kabla ya mbio na kufa wakimaliza. Nasema farasi wa kweli, mwenye mama.

Sasa niwape habari ya farasi mmoja wa kweli, maana huyu ndiye aliyeniharibia likizo.

Februari 2006, kwenye mnada huko Florida, walileta farasi dume wa miaka miwili. Kwenye minada ya namna hiyo, kabla ya kuuzwa, mtoto wa farasi anakimbizwa kidogo huku wanunuzi wameshika saa. Huyu alikimbia kama mita 200 kwa sekunde 9.8. Uwanja ukanyamaza. Siku ya mnada makundi mawili ya matajiri yakavutana, moja la Sheikh Mohammed wa Dubai, jingine la Coolmore wa Ireland, bei ikapanda mpaka Coolmore wakamchukua kwa dola milioni 16. Hakuna farasi wa mbio aliyewahi kufikisha bei hiyo mnadani kabla yake. Wakamwita The Green Monkey. Magazeti yakaandika, wachambuzi wakapiga hesabu za Derby ya 2007, na farasi mwenyewe alikuwa hajashiriki mbio hata moja.

Derby hakuifika. Alikimbia mara tatu katika maisha yake yote. Hakushinda hata moja, nafasi yake nzuri kabisa ilikuwa ya tatu, na jumla ya zawadi alizoingiza ni dola 10,440.

Nilikuwa nimeisoma hadithi hii zamani nikacheka. Safari hii haikunichekesha, kwa sababu siku iliyofuata baada ya ujumbe wa binamu, baba mdogo aliniita nje, akatoa simu mfukoni, akaniwekea mbele ya uso namba za saa ya kuhesabia sekunde.

"Soma mwenyewe. Wewe si ndiye mwandishi wa michezo?"

Ilikuwa muda wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka kumi na mitano, anangoja matokeo ya kidato cha pili. Baba mdogo alikuwa amempima kutoka kwenye kona ya kanisa hadi pale njia inapoanza kuteremka kwenda Makanya. Kwa makisio yake ni mita mia mbili. Kwa makisio yangu ni pungufu, na sehemu ya mwisho ni mteremko, lakini hilo nilikaa nalo.

Habari yenyewe ni hii. Kuna mtu amepita, anajiita wakala, anasema ana kambi ya wanariadha upande wa Arusha. Amemwona kijana kwenye michezo ya shule akasema huyu ni dhahabu. Anataka laki sita za kuanzia, na anataka kijana aache shule, kwa sababu, eti, mwanariadha hutengenezwa akiwa mbichi. Baba mdogo ameshamtazama mtamba wake mmoja kwa jicho la kumuaga. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, na pia kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sasa mjue pia kuna Mpare aliye tayari kuuza mtamba kwa ajili ya saa ya simu. Kilichobaki kilikuwa neno langu: je, mtoto atafika? Na kama atafika, niandike gazetini, ili wakubwa wamjue mapema.

Wadau, mimi nilishawahi kuandika.

Sijawahi kulisimulia hili hapa. Miaka minne iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, nilitumwa mkoani kwenye mashindano ya shule. Nikamwona msichana wa miaka kumi na mitano, amevaa viatu vya kuazima, akawaacha wenzake robo uwanja. Nikarudi nikaandika kwamba amepatikana Filbert Bayi wa kike. Mnajua uzito wa jina hilo. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo kila mtoto wa Kitanzania anayekimbia bila kuchoka anabandikwa jina lake. Mhariri alifurahi. Picha ilikuwa kubwa.

Baada ya hapo kila mwenye shindano akamtaka. Nilihesabu baadaye: miezi mingine alikimbia mara tatu. Watu wazima walimpa nauli, walimpa soda, walimpa ahadi. Muundi ukaanza kumuuma, akaambiwa ni uvivu. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa hawezi kukimbia kilomita moja bila kusimama. Sikumwandika tena, kwa sababu mtu aliyesimama si habari. Mwaka jana nilimtafuta kwa simu. Hakuninunia. Aliniuliza tu, "Kaka, lile gazeti unalo bado? Langu lilichanika."

Nilimtumia nakala. Sikujua kingine cha kutuma.

Kwa hiyo baba mdogo aliposema niandike, mdomo ulikauka. Nikamwambia nipe siku mbili. Nikaenda kwenye mgomba wa mwisho nikaanza kusoma upya habari za farasi, maana ndiko ninakokimbilia nikishindwa kufikiri.

Mashindano ambayo Wamarekani hutumia kumpata farasi bora dume wa miaka miwili yanaitwa Breeders' Cup Juvenile, yalianza 1984. Ungedhani anayeshinda pale ndiye atakayeshinda Derby mwaka unaofuata. Haikutokea hata mara moja kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka Street Sense alipofanya hivyo 2007, na baada yake Nyquist 2016. Ukihesabu mpaka Derby ya 2025, ni hao wawili tu. Mabingwa wa utotoni wengine wote walipitwa. Mifupa ya farasi wa miaka miwili haijakomaa, na wengi wao hupata maumivu ya muundi, ndiyo, ugonjwa uleule. Halafu kuna suala la tarehe. Kule kaskazini farasi wote wa mbio huongezwa mwaka tarehe 1 Januari, awe kazaliwa Februari au Mei. Utotoni hiyo miezi mitatu ni kubwa mno, na aliyezaliwa mapema anaonekana ana kipaji kumbe amekula majani zaidi. Sisi hapa tunalijua hili kwa njia nyingine. Nani aliyewahi kwenda UMISSETA asiwaone wanafunzi wenye ndevu? Timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 ilifuzu fainali za Afrika za 2005 ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mpwa wangu kazaliwa Novemba, na cheti chake ni cha kweli, masikini.

Upande wa pili yuko Rich Strike. Septemba 2021, akiwa na miaka miwili, alikimbia kwenye mbio ambazo kila farasi ana bei shingoni, na mtu akamchukua kwa dola 30,000. Kwenye orodha za Januari hakuwepo. Derby ya 2022 aliingia siku moja kabla, farasi mwingine alipojitoa. Dau lake lilikuwa 80 kwa 1. Akashinda.

Lakini niwe mkweli, nisije nikawa nachagua mifano inayonifaa. Wapo waliotabiriwa wakatimiza. Secretariat alikuwa bingwa akiwa na miaka miwili, mwanzoni mwa 1973 wakauziana hisa zake kwa dola milioni 6.08 kabla hajakimbia hata mara moja akiwa na miaka mitatu, na mwaka huohuo akashinda mataji yote matatu makubwa ya Marekani. Na binamu yangu hachoki kunisimulia habari za Dubai Millennium. Farasi huyo aliitwa Yaazer. Sheikh Mohammed akaambiwa kwamba huyu si wa kawaida, akambadilisha jina kabla hajakimbia, kwa matumaini kwamba mwaka 2000 atashinda Dubai World Cup. Fikiria kumpa mtoto jina la mtihani atakaofaulu miaka miwili baadaye! Mwaka 1999 wakampeleka Epsom, Derby ya Uingereza, akavutana na mpandaji wake, akamaliza nguvu mapema, akawa wa tisa. Ilikuwa mbio pekee aliyopoteza kati ya kumi. Machi 2000, nyumbani kwao Nad Al Sheba, akashinda lile kombe kwa kuwaacha wenzake mbali. Mwaka uliofuata akafa kwa maradhi.

Kwa hiyo takwimu hazikunisaidia. Ningeweza kumpelekea baba mdogo farasi wa kukubali na farasi wa kukataa, wote wa kweli.

Kilichonisaidia ni kumkumbuka mzee mmoja wa Ngong. Niliwahi kwenda Nairobi kwenye mafunzo mafupi, na Jumapili nikaenda uwanja wa farasi ulioko barabara ya Ngong, ule ulioanza kutumika 1954. Kenya nao wana Derby yao ya farasi wa miaka mitatu. Watu wenye miwani mizuri walikuwa jukwaani na vitabu vya mbio, wanatabiri. Mimi nikapenya nyuma, kwenye mabanda, nikamkuta saisi mmoja, mzee, anamkausha farasi jasho. Nikamuuliza, kama mwandishi yeyote mjinga, yupi kati ya watoto hawa atakuwa bingwa.

Akasema hajui. Akasema wanaojua wako kule jukwaani. Yeye anachotazama ni ndoo ya chakula asubuhi baada ya mbio. Farasi aliyemaliza chakula chake, hata kama alikuwa wa mwisho, unaweza kumkimbiza tena. Aliyeshinda akaacha chakula kwenye ndoo, kuna kitu kinamuuma au kinamtisha, na huyo ukimkimbiza tena unamuua. "Lakini hakuna anayekuja kuniuliza habari za ndoo," akasema, akaendelea na kazi.

Jumapili jioni tukakaa. Dada alikuwa amepika makande, baba mdogo amevaa koti kabisa. Nikamsalimu upya, nikamwambia, "Baba mdogo, sijui kama atafika. Na siandiki."

"Hujui, au hutaki?"

"Vyote."

Nikamgeukia dada. Nikamuuliza mtoto akitoka mashindano anakula?

Dada akaweka chini kijiko. Akasema hapana. Akasema tangu yule wakala aje, na baba mdogo aanze kupima kila asubuhi, mtoto anashika sahani anazungusha chakula. Usiku anaamka. Mwezi wa kumi na moja alilalamika mguu, hapa mbele, chini ya goti. Hakusema kwa sababu kila mtu alikuwa na furaha.

Baba mdogo alikasirika, na ana haki yake. Si mtu mbaya. Alikimbia yeye mwenyewe ujanani, hakupata wa kumuuzia mtamba. Aliniambia nimesoma nikawa mwoga, kwamba wenzetu wa Singida wangekuwa na wajomba kama mimi, Simbu asingepata ile dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025. Nikamjibu kwamba Simbu alikuwa na miaka zaidi ya thelathini siku ile. Akasema nisimletee hesabu. Akaondoka bila kumaliza makande, jambo ambalo kwetu si dogo.

Uamuzi alitoa dada: mtamba abaki, shule iendelee, wakala asubiri kidato cha nne kama kweli ana dhahabu yake. Mguu tutaupeleka hospitali Same wiki ijayo. Sijui kama tumefanya sawa. Inawezekana kabisa tumemfungia ndani Secretariat wa Suji, na baba mdogo atanikumbusha hilo mpaka naingia kaburini.

Mtoto mwenyewe hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu mpaka hapo, hata mimi. Alikuwa amekaa mlangoni. Usiku akanifuata nyuma ya zizi.

"Mjomba, yule farasi wa milioni kumi na sita aliishia wapi?"

Nikamwambia walimpeleka shambani kuzalisha, akaishi huko, akafa 2018.

Akafikiri. "Kwa hiyo alikula tu vizuri."

Nikamwonyesha kwenye simu orodha ya mwaka huu, maana nilikuwa sijachagua na binamu alishatuma alama za kuuliza sita. Akaipitia taratibu, majina yenyewe hayatamkiki, akawa anasoma tarehe za kuzaliwa. Akaweka kidole kwa mmoja aliyezaliwa katikati ya Mei, ambaye amekimbia mara moja tu na kuwa wa nne.

"Huyu ndiye mdogo wao."

Nikamtumia binamu jina hilo. Alijibu kwa kicheko tu, mstari mzima. Bibi, aliyekuwa anatusikia dirishani, akauliza kama sukari ya mwaka huu inaweza kuja kabla ya Mei, kwa kuwa hii iliyopo haifiki.